Bila Mungu, nani atakuzuia kupunja?

Mwana wa Ngomeni:
Swali langu ni hili, na naomba tusitukanane. Mtu asiyeamini Mungu kabisa (sisemi mvivu wa swala wala wa misa, nasema asiyeamini) aweza kuwa mwema kwa dhati? Na kama aweza, wema huo kautoa wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 755,000 Kenya nzima waliosema hawana dini, na sijasikia kwamba waliamka kesho yake wakavunja maduka. Upande wa pili, utangulizi wa Katiba ya 2010 wakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, kisha kifungu cha 8 chasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kikampa kila mtu uhuru wa dhamiri yake. Hata Katiba imekaa pande mbili. Haya, twendeni taratibu.

Ustadh wa Kibokoni:
Bismillah. Ndugu yangu, asiyeamini aweza kutenda mema, hilo silikatai. Lakini amekopa. Yuala kwenye sahani iliyopikwa na Mitume, kisha asema nyumba hii haina mpishi. Muulize: gizani, peke yako, fedha ya yatima mkononi, hakuna shahidi wala risiti, wairudisha kwa nini? Atakujibu "kwa sababu ni vizuri". Vizuri kwa nani, kwa kipimo gani? Hapo ndipo maneno humwishia.

Kafiri Mpole:
Ustadh, mfano wa mpishi ni mtamu ila haujibu kitu. Anayerudisha fedha ya yatima kwa kuogopa moto hajawa mwema, amepiga hesabu ya hasara. Na kama dini ndiyo chemchemi, mbona maji hayaonekani? Denmark, makanisa yake ni makavu Jumapili, ilipata alama 90 kwa 100 kwenye orodha ya ufisadi ya Transparency International ya 2024. Sisi tunaofungua mkutano kwa dua na kuufunga kwa dua tulipata 32. Na kama Denmark ni mbali, shukeni soko lolote la mji huu, kisiwani au bara. Mwenye kofia na mwenye rozari wamepanga meza bega kwa bega, na kilo zao wote wawili ni gramu mia tisa.

Mwalimu Changamwe:
Kuhusu Denmark, usisahau historia. Mwaka 1736 mfalme wao alifanya kipaimara kuwa lazima kwa sheria, kila mtoto akikariri katekisimu ya Luther. Mti ulinyeshewa karne nzima na zaidi, mvua imekatika juzi, wewe waona majani mabichi unasema mti hauhitaji maji. Pia soma Warumi 2:14-15: watu wasio na sheria hufanya ya sheria kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Kwa hiyo mimi sishangai kumwona asiyeamini akiwa mwema. Ninashangaa akisema aliiandika mwenyewe.

Muuza Mchele:
Wewe Kafiri Mpole, upole wako uko wapi? Soko zima umelitia kwenye gunia moja. Wajua gunia la mahindi la kilo 90 likiingia na unyevu wa asilimia 15, likikauka likafika 13, labaki kilo ngapi? Kilo 87.9. Kilo mbili na gramu mia zimepaa hewani, hakuna aliyeiba, na mwenye duka alizilipia. Bado gunia lenyewe, bado zilizomwagika, bado panya. Mtu aliyekaa kwa kompyuta hajawahi kushika upawa wa mchele ndiye wa kutuhesabia gramu?

Mtu wa Feri:
Kaka, Mombasa hii, joto na unyevu huu ambao sukari hujiganda yenyewe koponi, mahindi yenu hukauka wapi? Mie nadhani huoga.

Muuza Mchele:
Cheka tu. Hukaukia bara huko yanakotoka na njiani, si lazima yakaukie Mwembe Tayari.

Kijana wa Kisauni:
Kukauka wapi bwana. Tatizo ni ile mizani ya kielektroniki. Hutiwa sarafu chini ya mguu mmoja ikainama, namba zikaongezeka. Kila mtu ajua.

Mpima:
Niwakatize kidogo. Sarafu chini ya mguu haimpunji mnunuzi. Kifaa cha ndani husoma tu nguvu inayoikandamiza sahani kwa pembe mraba. Ukiiinamisha mizani, husoma pungufu, haisomi zaidi. Kwa mwinamo wa digrii 5, kilo moja kamili itasoma kama gramu 996. Muuzaji atazidi kuongeza punje mpaka isome 1,000, yaani kajipunja mwenyewe gramu 4. Ujanja huo humfaa anayenunua, kwa mfano mtu anayepita vijijini kununua korosho kwa mkulima. Na hata kwake ni faida ya kitoto.

Kama mwataka kujua penye wizi wa kweli, ni hapa.

Mizani ya kielektroniki: sahani. Sahani ya bati ya gramu 200 ikiwa haikutolewa kwenye hesabu, skrini yasema kilo, wewe wapata gramu 800. Angalia kabla hajamimina. Sahani ikiwa juu, tupu, isome sifuri. Kisha mwambie aiondoe: ikisoma hasi 0.200, sahani ilikuwa imetolewa, uko salama. Ikisoma sifuri na sahani ikiwa chini, huo uzito wa sahani utaulipia bei ya mchele. Wizi mkubwa zaidi ni wa kurekebisha mizani upya: mtu avunja lakiri (muhuri wa kuifunga mizani), aiambia mashine "hii ni kilo" huku ameweka gramu 950. Hapo huoni kitu kwa macho isipokuwa lakiri iliyokatika.

Mizani ya sahani mbili: jiwe. Jiwe la chuma la kilo lina tundu, kwa kawaida chini yake, lililojazwa risasi (madini, si ya bunduki) ili uzito ulingane sawasawa, na muhuri wa mkaguzi hugongwa juu ya risasi hiyo. Risasi ya gramu 50 haijazi hata kijiko cha chai. Ikichokolewa, jiwe linabaki na sura ileile na namba ileile ya 1 KG. Ndiyo sababu jiwe hugeuzwa. Tundu likiwa tupu, au risasi ikiwa laini haina chapa, usinunue hapo. Mikono ya mizani nayo yaweza kuwa si sawa: hamisha mawe yaende upande wa mchele na mchele uende upande wa mawe. Ikibaki imelala sawa, mikono ni mizima.

Mizani ya saa, ile ya mshale: nyama hutupwa kutoka juu, mshale waruka kupita uzito wenyewe, na kabla haujatulia ishafungwa kwenye karatasi. Subiri mshale usimame.

Kijana wa Kisauni:
Asante kwa darasa la wizi. Kesho tutasikia Mpima amefungua chuo.

Mpima:
Anayeiba ayajua haya tangu zamani.

Ustadh wa Kibokoni:
Mwaona sasa? Haya yote aliyoyataja Mpima yana sura yake ndani ya Qur'ani, ya 83, Al-Mutaffifin, nayo yaanza kwa ole. Yawasema wale ambao wakijipimia kwa watu huchukua kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Si Waislamu peke yao, Mwalimu atakuambia Mithali 11:1 yasemaje juu ya mizani ya hadaa. Mwenye kuiamini aya ile haichokoi risasi. Anayeichokoa, wakati ule hakuwa na imani.

Kafiri Mpole:
Hapo ndipo mnaponichekesha. Mwema akiwa muumini, ni kazi ya dini. Mwizi akiwa muumini, "wakati ule hakuwa na imani". Kwa mtindo huo hata timu yangu haijafungwa tangu nizaliwe: kila tuliyofungwa hatukuwa tukicheza.

Na nikuulize: dola za Kiislamu zilikuwa na muhtasib, mtu wa kuzunguka sokoni kukagua vipimo. Kama hofu ya Mungu yatosha, muhtasib alikuwa wa nini?

Ustadh wa Kibokoni:
Na muhtasib naye hukaguliwa na nani? Utamweka mkaguzi wa mkaguzi, na wa huyo mkaguzi mwingine, mpaka waishe watu wa mji. Mwisho lazima umfikie asiyelala.

Mwana Kaya:
Mnabishana Kofia na Rozari kana kwamba Pwani ilianza nanyi. Kwenye hiyo sensa ya 2019 kaunti iliyokuwa na watu wengi zaidi "wasio na dini" ni Kilifi, si Nairobi ya wasomi. Mnadhani Kilifi imejaa wanafalsafa? Ninavyoona mimi, karani akimuuliza mzee wa Kigiriama "dini gani", mzee husikia "msikiti au kanisa", na hivyo viwili hana. Lakini Mulungu anamjua, na koma, mizimu ya wazee, anawajua, na ukimwibia mbuzi utapelekwa kwenye kiraho, kiapo cha kumjaribu mshukiwa. Kiraho cha tsoka, shoka hutiwa motoni likaiva, likapitishwa kiganjani. Asiye na kosa haungui. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alilisha watu kiapo Kaya Fungo dhidi ya serikali ya Mwingereza, na serikali ikatetemeka kweli. Haki ilikuwako, vipimo vilikuwako, bila kitabu.

Kijana wa Kisauni:
Shoka la moto ndio haki? Mwenye ngozi ngumu hushinda kesi zote.

Mwana Kaya:
Wewe ndiye uliyesema sarafu huongeza kilo. Tulia.

Kiraho si ngozi. Mkosaji aghalabu hukiri kabla shoka halijaiva. Kazi yake kubwa ni pale watu wanapokusanyika wakilitazama likigeuka jekundu.

Kafiri Mpole:
Mwana Kaya kanifanyia kazi bila kutaka. Ni macho. Mwaka 2006 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walibandika picha juu ya kisanduku cha kulipia chai na maziwa chuoni, pale mtu hujilipia mwenyewe bila kusimamiwa. Wiki hii picha ya maua, wiki ijayo picha ya macho. Wiki za macho malipo yalikaribia kuwa mara tatu. Karatasi tu! Basi Mungu ni macho makubwa yaliyobandikwa juu. Yanafanya kazi, sikatai, lakini karatasi nayo ilifanya.

Bint Makadara:
Tafiti za baadaye za macho zimegongana, kwa hiyo usiubebe huo kama msumari wa mwisho. Ulio karibu na mada hii ni wa Marrakech, ulichapishwa 2015: wenye maduka walipewa nafasi ya kuchagua ajiwekee ngapi na atoe sadaka ngapi, wengine adhana ikisikika na wengine isiposikika. Adhana ikisikika walikuwa wakarimu zaidi. Ustadh atasema "alhamdulillahi", Kafiri atasema "ni dakika chache tu, ikinyamaza mtu harudi kwake?" Na wote wawili watakuwa wamesoma utafiti uleule.

Lakini mie nina la Ustadh. Usituambie kwamba bila wahyi (ufunuo wa Mungu) mtu hawezi kujua kupunja ni kubaya, ukaifanya kauli ya Waislamu wote. Hilo ni suala la husnu na qubhi, yaani wema na ubaya hujulikana kwa nini, na wenye elimu wa Kiislamu walishatofautiana. Mu'tazila walisema akili yajua. Ash'ari akasema jema ni lililoamrishwa na baya ni lililokatazwa. Maturidi wakakaa kati: akili hufahamu baadhi ya wema na ubaya. Sisi watu wa Pwani ni Shafi'i na wengi wetu twafuata Ash'ari, sawa, lakini nyumba ina vyumba zaidi ya kimoja.

Na wasahau Hilful-Fudhul, mkataba wa kumtetea mnyonge. Kabla ya Utume, mfanyabiashara wa Yemen aliuza bidhaa Makka, mnunuzi, Al-As bin Wail, akakataa kumlipa. Wakakutana watu nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an wakaapa kumsimamia mwenye kudhulumiwa yeyote. Mtume alikuwapo akiwa kijana, na baadaye akasema lau angeitiwa mkataba kama ule katika Uislamu angeitika. Wahyi haujashuka hata herufi moja, na tayari watu wa soko walijua dhuluma ni nini. Kautoa wapi huo ujuzi?

Ustadh wa Kibokoni:
Dada yangu, umesoma na nakuheshimu. Jibu ni fitra. Mungu kamuumba mtu na dira ndani yake, wahyi huja kuipangusa kutu. Na wale hawakuwa makafiri wa mtindo wa Kafiri Mpole. Walikuwa wakiapa kwa Mungu, japo na masanamu yamo.

Bint Makadara:
Basi kama ni fitra, Kafiri Mpole naye anayo. Swali la Mwana wa Ngomeni umelijibu: ndiyo, aweza.

Ustadh wa Kibokoni:
Anayo, ila ameiziba.

Kafiri Mpole:
Alhamdulillahi, nimepewa fitra iliyozibwa.

Mtu wa Feri:
Kafiri kasema alhamdulillahi! Mashahidi tuko wangapi? Msimkimbize, atafuata nyayo za yule katibu wa chama cha wasioamini, aliyejiuzulu 2021 akisema amempata Yesu.

Kafiri Mpole:
Na chama chenyewe kilisajiliwa 2016 kikasimamishwa mwaka huohuo kwa hofu ya kuvuruga amani. Watu wachache wasiokuwa na hata ngoma. Kisha ikaja Shakahola, msitu wa Kilifi ambako mhubiri aliwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wafe. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, tukiambiwa asiyeamini ndiye hatari.

Mwalimu Changamwe:
Usituwekee Shakahola begani. Nimekaa hapa kwa adabu kutoka mwanzo. Ukileta Shakahola nitakuletea Stalin na Pol Pot, na hesabu ya maiti hutaimaliza. Hoja yangu ya katekisimu hukuigusa, ukarukia makaburi ya watoto. Hiyo si hoja.

Kafiri Mpole:
Umesema kweli kuhusu makaburi. Naliondoa. La katekisimu nitalirudia.

Muuza Mchele:
Mimi bado nasubiri radhi ya gramu mia tisa.

Kafiri Mpole:
Nilisema "shukeni soko lolote". Sikusema duka lako.

Muuza Mchele:
Duka langu limo sokoni.

Mama Fitri:
Assalamu alaykum. Mwanisamehe, naingia na swali dogo kwa kuwa naona wajuzi wa vipimo wako hapa. Pishi ya zaka ya fitri ni kilo ngapi? Kila mwaka mmoja asema mbili na nusu, mwingine asema tatu, mwingine asema 2.7. Mwenye kutoa pungufu si naye ni katika hao wapunjao?

Ustadh wa Kibokoni:
Wa alaykumus salaam. Toa tatu, ukizidisha ni sadaka.

Bint Makadara:
Ustadh, hilo ni jibu la kheri ila si jibu la kipimo. Kilichoamrishwa ni saa ya Mtume (kipimo cha nafaka, si saa ya ukutani), yaani mudi nne. Kwa Shafi'i mudi ni ratili moja na thuluthi ya Baghdad, kwa hiyo saa ni ratili tano na thuluthi. Kwa Hanafi ni nane, ndiyo maana kilo zao ni nyingi. Na huyo Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alikuwa wa ratili nane, mpaka alipofika Madina kwa Malik. Watu wakaleta saa zao walizorithi kwa baba na babu, zikapimwa, zikaja tano na thuluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake palepale.

Kafiri Mpole:
Huyo Abu Yusuf nampenda. Alipima.

Ustadh wa Kibokoni:
Alipima kilichoamrishwa, si kwamba alipima ili aamue kama kiamrishwe. Usimchukue.

Kijana wa Kisauni:
Pishi ni kilo 2.7 jamani. Pishi vibaba vinne, ratili sita za Kiingereza. Wazee wote wajua.

Mpima:
Safari hii uko karibu. Lakini pishi, kama saa, ni kipimo cha ujazo, si cha uzito, na hapo ndipo mnapogongana miaka yote. Chombo kilekile kikijaa mchele chapata uzito mmoja, kikijaa unga kikapata mwingine. Lita moja ya mchele ni gramu 800 na kidogo. Unga wa mahindi uliomiminwa bila kushindiliwa haufiki hapo hata kidogo. Anayesema "pishi ni kilo tatu" bila kutaja ni pishi ya nini hajasema kitu. Kwa hiyo wanaokadiria saa kwa kilo hutofautiana, kutoka mbili na kidogo mpaka tatu, na wote wana sababu.

Tena chunga kopo. Kopo la kipenyo cha sentimita 14, kitako chake kikisukumwa ndani sentimita moja, limepoteza mililita 154. Kwa mchele ni gramu 120 na ushei. Ukitazama kwa juu kopo ni lilelile. Tia mkono ndani upapase kitako, au lifudikize. Halafu kuna mkono wa mpimaji: akikununulia hulitikisa kopo, nafaka ikalala, akaongeza mpaka ikachongoka juu. Akikuuzia humimina taratibu kwa mkono mwepesi, akalipiga mfuto, sawa na ukingo. Kopo moja, vipimo viwili, na hajagusa chuma wala risasi.

Bint Makadara:
Subhanallah. Hiyo ndiyo aya ya pili na ya tatu ya Al-Mutaffifin, neno kwa neno. Akijipimia kamili, akiwapimia pungufu. Nimeisoma miaka yote nikidhani ni watu wa aina mbili wa mizani mbili. Kumbe ni kopo moja.

Ustadh wa Kibokoni:
Na mkaguzi akija na muhuri wake, hilo la kutikisa atalipiga muhuri wapi? Jibuni hilo. Kopo zima, mizani nzima, sheria ya Vipimo na Mizani, sura ya 513, imetimizwa. Kilichobaki ni mkono na moyo wake.

Kafiri Mpole:
Kwa mara ya kwanza umenibana, Ustadh, nakubali. Lakini dawa yake si moyo pia. Dawa ni kuacha kuuza nafaka kwa kopo, iuzwe kwa mizani. Hapo kutikisa hakuongezi hata gramu. Viazi vya lumbesa navyo, vilivyoshonewa kofia juu ya gunia, mkulima hakuokolewa na mahubiri. Kanuni za viazi za 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50.

Muuza Mchele:
Na lumbesa imekwisha?

Kafiri Mpole:
…

Muuza Mchele:
Nauliza tu. Kanuni ipo, lumbesa ipo. Mtu wa kutwa mwenye shilingi thelathini ataingia na mizani ipi? Yeye hununua kibaba, na kibaba ni kopo. Nyie mnaongea kama kila mtu hununua gunia. Kwangu mie kopo halijapigwa kitako, na si kwa sababu ya 513. Mteja wa kibaba hurudi kila siku. Siku ya tatu watoto wake wakilala hawajashiba atajua, na atavuka barabara kwa jirani yangu.

Mwalimu Changamwe:
Kwa hiyo wewe unasema ni biashara, si Mungu?

Muuza Mchele:
Sijasema si Mungu. Usinitie maneno. Nasema atavuka barabara.

Mwana Kaya:
Na mgeni wa siku moja asiyerudi, mtalii, huyo wampimiaje?

Muuza Mchele:
Kopo ni lilelile.

Kijana wa Kisauni:
Mpima, tuambie wewe. Umeona mizani nyingi kuliko sisi sote. Wenye dini hupunja kidogo, au wasio na dini? Na wewe mwenyewe ni upande gani?

Mpima:
Dini ya mwenye duka haimo kwenye fomu ya ukaguzi, kwa hiyo mimi sina takwimu na nikikuambia nitakuwa nabuni. Ninachoweza kusema ni mwenendo wa makosa. Mizani mbovu nyingi si za wizi. Kuna ya sahani mbili iliyoota kutu kwenye kisu kinachobeba mhimili, kwa chumvi ya hewa ya Pwani, ikawa haichezi mpaka uongeze gramu kumi au kumi na tano.  Kosa la kutu kama hiyo huja pande zote, leo lampunja mteja, kesho lampunja muuzaji. La wizi huja upande mmoja tu, siku zote. Ukipima mara kumi, na mara zote kumi ikakosea upande wa mwenye duka, hiyo si kutu.

Ustadh wa Kibokoni:
Umekwepa swali la pili.

Mpima:
Ndiyo.

Mtu wa Feri:
Kila upande ushamhesabu ni wake. Mpima ni kama abiria wa Likoni, wote twavuka naye na hakuna aliyemlipia.

Mwana wa Ngomeni:
Jamani. Niliuliza wema watoka wapi, nimepata risasi, kitako cha kopo, kutu na viazi. Bint Makadara alisema Ustadh kashajibu "ndiyo, aweza", Ustadh hakukubali wala hakukataa. Kafiri Mpole alisema atarudia la katekisimu, hajarudi. Na Mwalimu hakuna aliyemjibu tangu mwanzo.

Mwalimu Changamwe:
Nimezoea.

Kafiri Mpole:
Sijasahau. Jibu lake ni gumu na nalitafakari. Kama mvua ilinyesha karne kadhaa, basi ngojeni tuone mti ukikauka. Bado haujakauka. Ukikauka nitakubali.

Mwalimu Changamwe:
Na usipokauka katika maisha yetu utasema umeshinda. Dau la namna hiyo hata mimi ningeliweka.

Mama Fitri:
Na mie bado. Nina pishi ya mbao ya marehemu nyanya, haijulikani yachukua kiasi gani. Niijue vipi kabla ya Ramadhani, nipime mchele?

Mpima:
Mama, mchele hautakuambia ujazo, kwa kuwa hulala tofauti kila ukimimina. Ipige nailoni nyembamba ndani kwanza, mbao hunywa maji. Ijaze maji mpaka ukingoni, uyamimine kwenye jagi lenye alama za mililita, uandike. Rudia mara tatu. Ukiwa na mizani nzima, yapime: gramu elfu ni lita moja. Ukishajua lita zake, ijaze mchele mfuto bila kuitikisa, uupime huo mchele peke yake. Hiyo ndiyo pishi ya nyanya kwa kilo, kwa mchele huo.

Mtu wa Feri:
Maji ya bomba au ya kisima? Maana huku kwetu ya kisima ni ya chumvi.

Mpima:
Kwa jagi haidhuru. Kwa mizani, maji ya bahari huzidi gramu 25 kwa kila lita. Ya kisima ni chini ya hapo, inategemea na kisima chenyewe.